Mwalimu, binti yangu hakukosea sana

Ndugu Mhariri,

Assalaam aleikum. Mimi ni nahodha wa boti ya wageni hapa Mjini Unguja, kazi niliyoianza mwaka 2003, na sina mazoea ya kuandika magazetini. Aliyenishikisha kalamu ni binti yangu wa kidato cha pili.

Jumanne iliyopita alirudi skuli uso umemshuka. Nilikuwa barazani nahangaika na kamba ya nanga iliyojipiga fundo, akanitupia daftari lake la Kiingereza juu ya kamba. Zoezi la kujaza nafasi, maswali kumi. La saba lilikuwa hili: “____ we go to the beach tomorrow?” Yeye kaandika “Should”. Mwalimu kampiga kosa kwa wino mwekundu, pembeni kaandika “Shall”, kisha akapiga mistari miwili chini yake kama kwamba mtoto katukana.

“Baba,” akaniambia, “wewe umo na Wazungu kutwa. Hawasemi hivi?”

Wanasema. Wanasema ndani ya boti yangu kila siku ya Mungu. Wamarekani ndio zaidi. Kwao “shall” ni kama kanzu ya sikukuu, haitoki sandukuni ila kwa nadra. Wakitaka kujua twende au tusiende husema “Should we go?” na safari inakwenda. Walioshikilia “Shall we?” ni Waingereza, hasa watu wazima wao. Na hata kwa Waingereza hao maneno mawili haya hayalingani sawasawa. “Shall we go?” mtu keshasimama, mkoba begani: twende? “Should we go?” bado kakaa, anataka shauri lako: unaonaje, ni vyema twende, au tungoje kidogo? Zoezi lisilosema nani anamuuliza nani, na wako wapi, litampaje mtoto kosa zima? Nusu alama alistahili.

Simtaji mwalimu wala skuli. Darasa limejaa, na yeye mwenyewe yumkini alifundishwa hivyohivyo. Wala si ile alama iliyonitia uchungu. Nilipogeuza karatasi nilikuta orodha ambayo binti yangu aliinakili ubaoni: “shall” ni “ta”, “will” ni “ta”, “should” ni “inapasa”, “could” ni “aliweza”, “would” ni “nge”, “might” ni “angaliweza”, “must” ni “lazima”. Nikaisoma mara mbili. Orodha ileile niliyopewa mimi nilipokuwa na umri wake, na mimi sasa nina mvi. Orodha hiyo imeshanila pesa, na nitaeleza.

Lakini kwanza chukua swali dogo kabisa: “What shall we do?” Kwa orodha ile, hiyo ni “Tutafanya nini?” Ndugu Mhariri, abiria akiniuliza “Tutafanya nini?” katikati ya mkondo, ujue injini imezima na yeye keshaanza kutia shahada. Mwingereza aliyekaa Forodhani jioni, mishikaki mkononi, akamgeukia mkewe na kumuuliza “What shall we do tomorrow?” hakuzimikiwa na injini. Anasema “Kesho tufanye nini?” Basi ni silabi moja iliyotoka na irabu moja iliyogeuka, na mtu aliyekata tamaa kawa mtu anayepanga matembezi.

Kazi yangu, ukiondoa kushika usukani, ni kupanga na watu. Kutoka ufukweni hapa hadi kisiwa cha Changuu, wageni wanakokuita Prison, ni kilomita tano na kitu. Safari fupi, lakini bahari ina saa yake. Kila siku maji hujaa na kupwa kwa kuchelewa kiasi cha dakika 50 kuliko jana, na wakati wa bamvua hutoka mpaka boti inalala juu ya mchanga kama ng’ombe. Lile fungu wanaloliita Nakupenda, maji yakijaa halipo, limezama lote. Kwa hiyo jioni lazima tukae na mgeni tukubaliane: tuondoke saa ngapi, tuanze wapi, tule kisiwani au tule tukirudi. Sikiliza miisho ya maneno hayo. Tuondoke, tuanze, tule. Hiyo “e” ndiyo Kiswahili cha kupangia. (Maneno yaliyotoka Arabuni hayaigeuzi, ndiyo maana tunasema “turudi” na “tusafiri”, lakini sikio linajua tu.)

Sasa linganisha: “Tutaondoka saa ngapi?” na “Tuondoke saa ngapi?” Mtoto wa miaka minne hakosei hapo. La kwanza linauliza mpango ulioshapangwa, na wewe mkubwa unaujua, niambie. La pili mpango haupo bado, tunaufanya sasa hivi, na neno lako limo. Kwa Kiingereza la kwanza ni “What time are we leaving?” au “What time will we leave?” La pili ni “What time shall we leave?” Ndiyo kusema “shall” ikikaa mbele ya “I” au “we” katika swali, mwenziwe wa Kiswahili mara nyingi si “ta”, ni ile “e” ya mwisho. “Shall I carry your bag?” Nikubebee mkoba? “Shall I wait for you?” Nikungojee? “Where shall we eat?” Tule wapi? Somo la “shall” limekwisha, na sikutumia chaki. Linabaki jambo moja: kwenye mikataba na sheria “shall” huvaa sura nyingine, ya amri. “The tenant shall pay” hakuna anayekuuliza unaonaje.

Neno ninalolitumia mimi kuliko yote ni “could”. Orodha inasema “aliweza”. Basi nikimwambia mgeni “We could start with the tortoises”, mtoto wa kidato cha pili anasikia kuwa jana tuliweza kuanza na kobe, na leo sijui imekuwaje. Mimi hapo ninapendekeza. Naweka neno mezani bila kulisukuma: tunaweza kuanza na wale kobe, ukipenda, au tuogelee kwanza. “We could see the tortoises first, or we could swim while the water is high.” Mgeni anachagua mwenyewe, na akichagua mwenyewe hanung’uniki jua likiwa kali. Kobe wale wa Changuu waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, hawana haraka, watakuwepo tu. Maji ndiyo hayatakuwepo, lakini hilo namwambia kwa “might”: “The water might be too low later.”

Nenda ukasikilize mapapasi, vijana wetu wa kutafuta wageni barabarani, wanavyowaendea watu. “You go Prison! You must see! You come tomorrow, nine o’clock!” Halafu wenye mahoteli wanasema mapapasi hawana adabu. Kijana huyohuyo msikilize akisema na shangazi yake: “Shikamoo shangazi, nikupokee kikapu? Hebu tupite huku, kuna kivuli.” Adabu anayo. Hakuambiwa tu kuwa “nikupokee” ni “shall I take”, na kuwa “hebu tupite” ni “shall we go this way”. Adabu yake imebaki nyumbani, na barabarani katoka na amri tupu.

Nilisema orodha ile imenila pesa. Mwaka wa pili wa kazi niliwapeleka Changuu mtu na mkewe, Waingereza, watu wazuri. Tukirudi mume akaniambia, “We might go to Jozani tomorrow, around eight.” Mimi nilichosikia ni Jozani, kesho, saa mbili. Hata saa nilijipongeza, maana wenzangu wengi walikuwa bado wanasikia “eight” wakaenda saa nane mchana. Lile “might” lilipita sikioni kama nzi. Kwenye daftari langu la skuli lilikuwa “angaliweza”, neno ambalo hata kwa Kiswahili sijui lini nimelisema.

Usiku nikaenda Kikwajuni kwa binamu yangu nikakodi gari yake. Nikatia mafuta ya kwenda na kurudi; Jozani ni kama kilomita 35 kutoka Mjini. Nikamwambia na mtembezaji ninayemjua kule msituni akae tayari awaoneshe kima punju. Saa mbili kasorobo niko mlango wa hoteli, shati limepigwa pasi. Saa mbili. Saa mbili na nusu. Saa tatu nikapanda ngazi kwenda kuuliza. Nikawakuta juu darini wanakunywa chai, miguu juu ya kiti, wamefurahi kuniona kama mtu aliyepita kuwasalimu. Wameamua leo wapumzike.

Wala hawakusema uongo. “Might” ni “huenda”. Huenda tukaenda Jozani, huenda tusiende, tunaitazama miguu kwanza. Mtu akikuambia huenda, hukodi gari. Unamuuliza tena jioni: “So, are you going to Jozani tomorrow?” Mpango ukishakaa atakujibu “Yes, we’re going.” Hapo ndipo ufunguo wa gari unapochukuliwa. Binamu alidai kodi ya siku nzima, na ilikuwa haki yake. Yule bibi alifungua pochi akataka kunilipa nusu, nikakataa kwa kiburi cha ujana. Hilo la kukataa ndilo ninalolijutia mpaka leo.

Kosa la pili lilikuwa la “bora”. Sisi “bora” ni neno la huruma: bora uvae kofia, bora unywe maji. Kwa hiyo nikawa nawaambia wageni “You better wear a hat”, na kofia ilipita salama. Siku moja nikamwambia mgeni mmoja mwanamke, “You better pay today.” Nilimaanisha bora alipe leo, maana kesho Ijumaa sipo. Rangi ikambadilika. Akaenda kunishitaki mapokezi kwamba nimemtisha. Kumbe “you’d better” kwa Kiingereza nyuma yake pana fimbo: fanya, usipofanya utaona. Nililolihitaji lilikuwa laini tu, “You could pay today, if you like.” Au kwa kofia, “You should wear a hat”, au kama wanavyosema wao, na sisi pia, mimi ningekuwa wewe ningevaa kofia: “I’d wear a hat if I were you.”

La tatu ni fupi. Mgeni kaniuliza, “Would you mind if we left a bit later?” Nami kwa furaha, “Yes!” Akanyamaza. Alikuwa ameniuliza kama nitaona vibaya, na mimi nikamjibu naam, nitaona vibaya sana. Jibu ni “Not at all.” Na ndugu yake huyo ni swali la kukanusha. Sisi tukiulizwa “Huji kesho?” twajibu “Ndiyo, siji.” Mwingereza akikuuliza “Aren’t you coming tomorrow?” ukamjibu “Yes”, kesho atakungoja pwani.

Kuhusu “should” nina neno jengine. Wageni huniuliza kila jioni, “Will the sea be calm tomorrow?” Zamani nilikuwa najibu “Inshaallah” basi. Kwangu hilo ni jibu zito kuliko ndiyo, lakini wao walikuwa wakitazamana, maana wengine wameshaambiwa kuwa hilo ni neno la kukwepa. Sikuliacha, siliachi. Nimeliongezea tu: “It should be calm, inshaallah.” Nilipomwambia binti yangu akafungua orodha yake: “Kwa hiyo, Baba, bahari inapasa kutulia?” Nikamuuliza nani wa kuipa bahari wajibu. “Should” hii ni ya kutarajia. Upepo umekuwa mwanana tangu jana, mawingu ya mrima hayakupanda, basi kwa ninavyoona itatulia. “You should drink water” ni shauri, “It should be calm” ni tarajio, na “Should we go?” ni kuomba shauri. Neno moja, kazi tatu, na orodha imempa moja tu.

Mimi mwenyewe sikuyajua haya kwa akili yangu. Palikuwa na mzee mmoja wa Kiingereza, mwalimu mstaafu, akija kila Januari miaka sita mfululizo. Kuogelea hapendi. Wenziwe wakiruka majini yeye hukaa nyuma karibu na injini akisema nami, na kila nikikosea hunisahihisha bila kunicheka. Siku moja akanieleza kuwa “shall” katika Kiingereza cha kale ilikuwa na maana ya kudaiwa, kuwa na deni. Nikamwambia hata sisi tunalo, wazee wanasema “nawiwa kukushukuru”, nina deni la shukrani kwako. Akaendelea kuwa “will” zamani ilikuwa ni kutaka tu. Hapo nilicheka hadi usukani ukayumba. Maana “ta” yetu ni “taka”! Tunasema “atakuja”, imefupishwa mtu haioni. Lakini sema “atakayekuja”: “taka” hiyo hapo, imetoa kichwa dirishani. Mzee alitoa kijitabu chake akaandika, mkono unatetemeka kwa mawimbi.

Na akaniambia jambo ambalo natamani kila mwalimu aliandike ubaoni. “Could”, “would”, “should” na “might” kwa asili ni maumbo ya wakati uliopita ya “can”, “will”, “shall” na “may”. Ndiyo maana orodha ya binti yangu inasema “aliweza”, haikutoka hewani. Lakini kwa nini mtu anayesema habari za kesho atumie neno la jana? Kwa sababu, alisema mzee, ukilirudisha neno nyuma kidogo unampa mwenzako nafasi ya kupumua. Niliona kama ananisimulia habari za kwetu. Ingia ofisi yoyote hapa Vuga, kaa benchini usikilize watu mlangoni: “Nilikuwa naomba kumuona bwana mkubwa.” “Nilikuwa na shida kidogo.” Ulikuwa unaomba lini? Unaomba sasa hivi! Tumerudi nyuma hatua moja kwa heshima, kama Mwingereza anavyoacha “Can you” akasema “Could you”. Mtoto wa Kizanzibari hahitaji kufundishwa jambo hili. Anahitaji kuoneshwa kuwa analo.

Nisije nikaonekana nadharau sarufi. Vijana wangu wa boti wanasema “We can to go”, kwa kuwa Kiswahili kinasema naweza kwenda, na hiyo “kw” wanaitafutia mwenziwe. Haina mwenziwe, baada ya maneno haya “to” haikai. Wala “she cans” hakuna. Hayo mwalimu na ayapige kosa, nami nitamshikia kalamu.

“Must” nayo si “lazima” siku zote. “You must come and see us in England” wageni wangu kadhaa wameniambia wakiagana nami. Ni ukarimu tu, sawa na sisi tunavyomwambia mpita njia “Karibu chakula”. Kijana wangu mmoja aliuliza kwa dhati kama tiketi inakuja kwa posta.

Mpwa wangu anakaa mapokezi katika hoteli huko kaskazini, na yeye kanifundisha moja zuri. Ukimuuliza mgeni “Will you eat here?” yaweza kusikika kama unamhimiza. Wao husema “Will you be having lunch with us?” Wanauliza mpango wake bila kumshika mkono. Tangu hapo naulizia taulo namna hiyohiyo: “Will you be needing towels?” na taulo zimeacha kubaki boti.

Ninachoomba, Mhariri, ni kidogo. Zoezi la kujaza nafasi liseme nani anasema na nani. Mume na mkewe jioni, wamechoka. Nahodha na mgeni, maji yanatoka. Dada wa mapokezi na mzee mwenye fimbo. Mtoto akishamuona mtu, neno litamjia. Na pembeni ya “shall I” mwalimu aandike “ni...e?”, pembeni ya “might” aandike “huenda”, pembeni ya “we could” aandike “tunaweza, ukipenda”. Kiswahili cha Unguja ndicho kilichochaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Kama kuna watoto wa Afrika Mashariki wanaoweza kufundishwa Kiingereza kwa kukiegemeza kwenye Kiswahili chao bila kuona haya, ni hawa wetu. Tunawaambia wakifika mlango wa darasa la Kiingereza waache Kiswahili nje pamoja na viatu, kisha tunashangaa wakitoka miguu mitupu.

Na mwalimu akitaka kuwaleta wanafunzi pwani Jumamosi moja wasikilize kwa masikio yao, nitawapokea. Waje maji yakiwa yametoka, boti imelala, sina kazi. Wageni hukaa kwenye ukuta wakingoja maji na hawana neno la kufanya zaidi ya kupanga. Kwa nusu saa watoto watasikia “shall we” na “should we” na “we could” zaidi ya muhula mzima. Pesa sitaki.

Binti yangu nilimshauri asibishane na mwalimu. Nilimwambia aende na daftari, atoe salamu, aseme: “Could you look at number seven again, please?” Tulilirudia barazani mara nne, yeye na mimi, jirani anatuchungulia. Alhamisi akaenda. Anasema mwalimu alitabasamu, akalitazama daftari kwa muda, akamjibu kwa Kiingereza, “I might.”

Karudi mbio kuniuliza hiyo ni ndiyo au siyo. Nimemwambia gari tusikodi kwanza.

Nahodha wa boti,
Mji Mkongwe, Unguja.
Jina langu kamili nimemuachia Mhariri.